Siku Wageni wa Denmark Walipokataa Kubebwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Kriketi cha mji wetu. Mheshimiwa Bwana Msimamizi wa karakana, uliyetuachia kiwanja kwa siku nzima. Mzee wetu Awadhi, mlezi wa Klabu ya Gerezani. Nahodha Holger pamoja na wenzako wa timu ya taifa ya Denmark. Wazee wa Kariakoo na Gerezani. Akina mama mliokuwa jikoni tangu alfajiri chini ya Bi Tatu. Wachezaji wa pande zote mbili. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Kama kuna mkubwa niliyemruka aniwie radhi, maana nimesimama juani kutwa nzima na kofia yenyewe ya kuazima.

Wengi mnanijua kwa duka langu la Mtaa wa Msimbazi. Kwa wageni wetu, naitwa Tarsis, mtu wa Kilimanjaro, na leo nilikuwa mwamuzi wa mchezo. Sikuchaguliwa kwa sababu naijua kriketi kuliko wengine, ingawa naijua. Nilichaguliwa kwa sababu katika timu nzima ya Gerezani sina mjomba, sina shemeji, wala sina mtu niliyecheza naye utotoni. Mwalimu Theophil aliyekaa pale kati ya wageni anawatafsiria ninayosema, na nimemwomba asipunguze neno hata pale nitakapokuwa mkali.

Ndugu zangu, hawa tunaowaaga jioni hii ni watu wa namna gani? Wametoka katika nchi ambayo ukiitafuta kwenye ramani ya shuleni, kidole chako kinaifunika yote. Hawakuzaliwa katika nchi ya kriketi. Mchezo huu ulipelekwa kwao na mafundi wa Kiingereza waliokwenda kujenga reli, zamani za mababu zao, na reli ilipokwisha mafundi wakaondoka, mchezo ukabaki. Je, hadithi hiyo si yetu? Sisi hapa Gerezani tumeipata wapi kriketi, kama si kwa kuchungulia mafundi wa reli wakicheza nyuma ya karakana, kisha kuokota mipira yao iliyochanika na kuishona upya? Ndiyo maana jana, nilipowaona wakishuka bandarini, sikuona wageni. Niliona watu waliosoma darasa moja na sisi, ila shule tofauti.

Wala msidhani ni mabwana wakubwa. Nahodha Holger ni mwoka mikate. Wenzake ni maseremala, walimu, mmoja ananunua na kuuza maziwa. Walialikwa na wenzao wenye mashamba huko Kenya, wakacheza wiki chache, na sasa wanarejea kwao. Meli yao imetia nanga hapa kupakia katani, wakaona badala ya kukaa sitahani wakihesabu mabunda, watafute mchezo. Waliuliza kwa wakubwa wa mji, wakajibiwa kwa adabu kwamba viwanja vyote vina shughuli. Habari ilipofika Gerezani, jibu letu lilikuwa fupi: njooni.

Halafu tukaingiwa na haya. Kiwanja chetu hakina nyasi, mnakijua. Tunashindilia udongo, juu yake tunatandika zulia la kamba za makumbi ya nazi na kulikaza kwa vigingi vya chuma. Jana jioni Nahodha Holger alipokuja kukiona, tulisimama tukingoja aseme neno. Alivua viatu, akalipita zulia kwa miguu mitupu kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi anacheka. Alisema kwao nako ndivyo wanavyocheza, juu ya zulia la makumbi, kwa kuwa nyasi zao hazifai. Huko hakuna mnazi hata mmoja. Mzee Awadhi akasema basi makumbi ya pwani yetu yamewatangulia wachezaji wetu kufika Denmark, na tangu dakika ile akawapenda wageni hawa kupita kiasi.

Hapo sasa ndipo balaa lilipoanzia. Nimemwomba Mzee Awadhi ruhusa ya kulisema hili, naye amenijibu niseme tu, kwa kuwa yeye bado haoni alipokosea.

Mzee Awadhi ni mfanyabiashara wa samaki pale Feri, na kila mtu anajua nyumbani kwake mgeni hashiki hata maji ya kunawa mwenyewe. Jana usiku aliwaita wachezaji wetu barazani kwake, akawaambia watu hawa wametoka mbali, wamechoshwa na bahari, wako kwetu kwa siku moja tu, na si ungwana kumwita mtu kwako kisha ukamwangushia vile vijiti vitatu anavyovilinda, ukamtoa mchezoni, kabla hajapata hata jasho. Aliagiza mipira irushwe kwa upole, na wadakaji wasiwe na pupa. Mgeni afurahi kwanza. Vijana wakaitikia ndiyo babu, maana Gerezani hakuna anayemjibu vingine.

Alikuwapo mmoja aliyeitikia kwa shida, na lazima niwaeleze habari zake.

Shomari, simama wakuone. Shomari ni fundi katika karakana ya reli, mume wa Bi Tatu, na ndiye mrusha mpira wetu. Watu wa kwetu wanasema hakuna mrushaji kama yeye. Lakini watu wa kwetu, Mheshimiwa Mwenyekiti, wamecheza na nani? Mwaka hadi mwaka klabu yetu imeomba kuingia kwenye mashindano ya mji, na mwaka hadi mwaka tumejibiwa kwamba bado hatujakomaa. Sasa Shomari ameanza kuota mvi. Ijumaa Bi Tatu alikuja dukani kununua majani ya chai akaniambia mumewe halali tangu habari ya meli ifike, anageuka tu kitandani. Nilipokutana naye mwenyewe nikamtania kwamba anaogopa Wazungu. Hakucheka. Aliniambia, "Mzee Tarsis, mimi nataka kujua tu. Maisha yangu yote nawarushia mpira watu wanaonijua. Wakisema najua, wananipenda. Wakubwa wakisema sijui, hawajaniona. Nimuulize nani?"

Basi fikirini. Timu ya taifa, ya nchi nzima, imeletwa na katani mpaka mlangoni kwake kwa siku moja, na mzee wake amemwagiza arushe kwa upole.

Mchezo ulipoanza mimi sikuwa nimeambiwa lolote. Lakini mwamuzi anasimama karibu na mrushaji kuliko mke wake, na niliona. Shomari alikuja taratibu, akaurusha mpira ukatua mbele ya Nahodha Holger laini kabisa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekunywa dawa chungu. Nahodha akaupiga mpaka ukutani. Ukaja mwingine wa namna ileile, na mwingine. Wageni wakajaza mikimbio, ndiyo alama za mchezo, watu wetu wakashangilia, na hapo kwenye viti vya mbele Mheshimiwa Mwenyekiti akapiga makofi kwa pande zote mbili, wanaopiga na wanaokosa.

Kisha Nahodha akapiga mpira juu, juu sana, ukaanza kushuka kumwelekea Eliasi. Eliasi huyu hapa, msimtafute, ndiye yule aliyejificha nyuma ya nguzo. Akiudaka kabla haujagusa chini, Nahodha ametoka. Hakulazimika kusogea hata hatua. Aliufungulia mikono, akaufikisha kifuani, akauachia ukaanguka miguuni pake. Kisha akajishika kichwa kwa masikitiko ambayo hata mtoto mchanga asingeyaamini.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Mzee Awadhi hakulijua. Asubuhi ya leo, kabla ya mchezo, Nahodha Holger alikwenda kutembea sokoni Kariakoo, kwa kuwa mwoka mikate haamki jua limechomoza. Pale alikuta lori la matikiti linashushwa. Kijana mmoja juu anarusha, mwingine chini anadaka, matikiti makubwa ya kukumbatia, haraka haraka, huku anabishana na muuza kahawa bila kuyatazama. Na yule anayedaka hakuangusha hata moja. Nahodha alisimama pale akiangalia mpaka lori likaisha. Nani alikuwa anadaka? Eliasi, usizidi kujificha.

Nahodha akaweka gongo lake la kupigia chini, mchezo ukasimama. Alinijia mimi, mwamuzi, akaniuliza kwa Kiingereza kama yule bwana ndiye aliyekuwa akidaka matikiti sokoni. Nikamwambia ndiye. Akaniuliza imekuwaje mtu anayedaka tikiti la kilo nyingi ashindwe na kitu cha ukubwa wa chungwa. Nikamjibu kwamba katika sheria za kriketi mwamuzi halazimiki kueleza mambo hayo. Hakucheka, na niliona sikio lake limekuwa jekundu.

Alimwendea Shomari moja kwa moja, akanitaka nitafsiri. Maneno yake nitayarudia yalivyo, kwa sababu ndiyo yaliyonisimamisha hapa. Alisema, "Kwetu tukisema tunacheza kriketi, watu wanacheka. Tukienda kucheza Uingereza, wanatupigia makofi hata tukikosa, wanatuachia mipira, wanatupa chai, wanatuambia tumejitahidi. Nimezeeka napigiwa makofi. Nilidhani ninyi mnajua jambo hilo lilivyo. Tafadhali, nirushie mpira wako."

Nikatafsiri.

Shomari hakumtazama Nahodha. Alimtazama Mzee Awadhi chini ya turubai. Uwanja mzima ukageuka kumtazama Mzee Awadhi. Mzee aliuliza mgeni anasema nini, nikamweleza yote kwa sauti kubwa ili asikie kutoka pale alipokaa. Akailaza fimbo yake magotini. Nilijua anapigana na desturi yote aliyolelewa nayo. Kisha akasema, "Mgeni akishasema anachopenda kula, humpi kingine. Shomari, mpe."

Mabibi na mabwana, mimi nimeona kriketi nyingi, lakini kilichofuata sikuwahi kukiona. Shomari alirudi nyuma, akaja, na udongo ukaitika chini ya miguu yake. Mpira wa kwanza ulimpita Nahodha karibu na kidevu, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza kutwa nzima. Wa pili aliupiga kwa ustadi mkubwa ukaruka ukuta wa karakana, na Shomari naye akatabasamu. Wakawa wawili tu pale uwanjani, sisi wengine tumekuwa watazamaji. Mpira wa tatu ulitua kwenye zulia, ukakata ndani, ukakiangusha kijiti cha katikati, na Nahodha akabaki ameshika gongo akitazama mahali ambapo mpira ulikuwa umepita. Halafu akavua glavu, akamwendea Shomari, akampa mkono, akatoka.

Baada ya hapo hakuna aliyembeba mwenzake. Eliasi alidaka kila kilichoruka. Wageni walianguka mmoja baada ya mwingine, na ilipofika zamu yetu kupiga, nao hawakutuonea huruma hata kidogo. Tulikaribia sana. Mtu wetu wa mwisho alikuwa Shomari mwenyewe, akishika gongo kama fundi anavyoshika nyundo, na Nahodha Holger ndiye aliyechukua mpira. Mnakumbuka watu walivyosimama. Je, angemwachia? Mrushaji aliyemheshimu hivyo, mwenyeji wake, mbele ya mke wake na mtaa wote? Alimrushia mpira uleule ambao angemrushia Mwingereza, vijiti vikalala, na tukashindwa. Mkitaka kujua tumeshindwa kwa mikimbio mingapi, ni pungufu ya ile tuliyowapa zawadi asubuhi, na hesabu zaidi kamuulizeni Mzee Awadhi.

Nami nilikuwa wa kwanza kumfikia Shomari. Nilikwenda kumpa pole. Nilimkuta anacheka, machozi yakimtoka, akaniambia, "Mzee Tarsis, amenitoa kweli."

Ndugu wa Denmark, tutawasifu kwa lipi? Kupiga mnajua, kudaka mnajua, lakini timu zinazojua hayo ni nyingi. Sisi tunawasifu kwa kukataa ushindi wa bure mkiwa ugenini, mkiwa mmechoka, mahali ambapo hakuna mtu wa kwenu ambaye angejua. Mlikuwa mnashinda. Mngenyamaza tu. Badala yake mlitudai tuwaheshimu, na kwa kudai hivyo mkatuheshimu sisi kuliko alivyowahi kutuheshimu mtu yeyote aliyekuja kiwanjani kwetu. Wakati wa chai nilimwona Nahodha amekaa kwenye benchi na Shomari, mwoka mikate na fundi reli, hawana lugha moja, wakipokezana mpira na kuonyeshana namna vidole vinavyokaa kwenye mshono, mpaka chai ikapoa na Bi Tatu akaja kuwagombeza. Nahodha aliniambia mpira uliomtoa hakuuona, na kwamba amerushiwa mipira na watu wa nchi nyingi. Niliyatafsiri maneno hayo polepole, ili Shomari ayasikie yote.

Kesho alfajiri meli inaondoka. Nendeni salama, muwasalimie walioko nyumbani, na mwambieni yeyote atakayewacheka kwamba huko Dar es Salaam kuna mwamuzi mmoja mwenye kofia ya kuazima aliye tayari kutoa ushahidi.

Neno langu la mwisho ni lako, Mheshimiwa Mwenyekiti, na nalisema kwa heshima zote, kwa kuwa umekaa nasi kutwa nzima na hukuondoka kabla ya mwisho. Shomari alitaka kujua, na leo amejua. Hana tena haja ya kumuuliza mtu. Waliobaki bila kujua ni wewe na wachezaji wako, na njia ya kujua ni ileile aliyoifuata Nahodha Holger: kuja Gerezani na kusimama mbele ya Shomari. Sisi hatuombi tena kuingia kwenye mashindano, tunawaalika ninyi. Bi Tatu atapika, Mzee Awadhi atawanawisha mikono kwa mkono wake. Ila mkishaingia kwenye zulia, Mheshimiwa, hatutawabeba.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu na uvumilivu wenu. Asanteni sana kwa kunisikiliza mpaka hapa.