Rael Jepchirchir, Aliyeusafisha Mlango wa Kapsoen

Wachungaji, wazee, majirani na wapendwa nyote mliofika, familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, na nitasoma pole pole, maana mwenyewe hakupenda mtu wa kurukaruka.

Marehemu Rael Jepchirchir alizaliwa mwaka wa 1932 katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mzungu, upande wa Chepkoilel, akiwa kifungua mimba wa baba aliyekamua ng'ombe, akasoma hadi darasa la nne, akabatizwa mwaka wa 1947, kisha akaajiriwa kuosha mitungi ya maziwa kwenye shamba lilo hilo. Tarehe 8 Desemba 1951 alifunga ndoa na Mzee Kiprotich, na Mungu akawajalia Sarah, Kimeli na Jepkosgei.

Mzungu alipohama mwaka wa 1965, watu walichanga, wakalinunua shamba, wakapiga kura ya kugawana, na marehemu na mumewe wakaangukia kipande kirefu kilichoanzia barabarani juu ya kilima na kuteremka hadi mlango wa kijito cha Kapsoen, pale kinapoingia Mto Sosiani. Wengi waliwaonea wivu. Lakini josho la ng'ombe lilikuwa kando ya kijito hicho, na kila lilipomwagwa, dawa ya kupe ilishuka hadi mlangoni, samaki wakaelea, ndama wakafa, na mwaka wa 1968 Jepkosgei akalazwa akitapika, akaponea chupuchupu. Marehemu alisimama mkutanoni akataka josho lihamishwe, na mwenyekiti, Mzee Kipngetich, ambaye tunaye hapa na ametuomba tuseme bila kumficha, akamwambia, “Wewe mama, keti chini, mzungu alijua kazi yake.”

Mzee wetu, hapo ulijitakia. Marehemu alijibu kwamba mzungu alijua kweli, kwa sababu maji yake mwenyewe aliyateka upande wa juu wa josho, na waliokunywa chini yake walikuwa watu wa kambi, akauliza kama shamba limenunuliwa ili waendelee kunywa uchafu wa bwana aliyekwisha kwenda zake. Hata hivyo hakuna aliyekubali kutoa ardhi ya josho jipya, ardhi waliyoingoja maisha yao yote, basi akatoa sehemu yake na mumewe ya barabarani, ile ya kujenga duka, na Mzee Kiprotich akanuna hadi mavuno.

Wanaume walichimba, wanawake wakapandisha maji kilimani kwa mikokoteni, na Machi 1971 josho la zamani likafukiwa. Baada ya misimu ya mvua vyura walirudi, kambare wakarudi, na Mzee Kiprotich, yule yule aliyenuna, akawa anajisifia maji ya mkewe hadi mtaa wa Munyaka. Mama alishinda, jamani, tena mchana kweupe!

Mwaka wa 1977 alianza kuugua moyo, na tarehe 14 Juni 1978 akatutoka katika hospitali ya Eldoret. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomkamulia ng'ombe alipolala kitandani, na wanakamati aliosimamia nao josho jipya.

Chai mnayokunywa tangu asubuhi imepikwa kwa maji yaliyotekwa pale mlangoni, na sijasikia hata mmoja wenu akiuliza yametoka wapi. Lala salama, Mama, kazi yako tumeinywa.