Fundi Rula na Boti ya Saba

Ndugu waombolezaji, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu, huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa dereva wa lori na mshona maturubai, na ndiyo maana shangazi zake walizoea kusema kwamba alirithi kuwili, tela kwa baba na tanga kwa mama.

Alianza shule ya msingi Januari 1959, na huko ndiko alikopata jina la Rula, kwa sababu alipima kila kitu, mpaka sikio la mwalimu mkuu, kosa lililompatia viboko na umaarufu kwa siku moja. Alisomea useremala na uchoraji wa ramani katika shule ya ufundi, akahitimu Novemba 1972, kisha akaajiriwa kwenye kiwanda cha matangi ya maji, ambako alijifunza kazi ya faiba, ile plastiki ya nyuzi za kioo, na kuanza kikohozi ambacho hakikumwacha tena.

Tarehe 4 Septemba 1976 alifunga ndoa na mkewe, mkunga, mwanamke mwembamba wa mwili lakini si wa maneno, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume, na hatuwezi kuyasimulia maisha ya Rula bila shemeji yetu huyu, kwa kuwa boti yenyewe ilizaliwa sebuleni kwake.

Mwaka 1984 marehemu aliacha kiwanda, akafungua karakana nyuma ya nyumba pamoja na kaka yake mkubwa, tuliyemwita Tani, kwa vile alikuwa na mwili wa watu wawili na kicheko cha watatu. Wazo lao lilikuwa boti ndogo ya tanga, mlingoti wake unalala, ubao wake wa chini unapandishwa, inapanda kwenye tela na kuvutwa na gari la kawaida, ili mtu anayeishi mbali na ziwa ailaze uani kwake na Jumamosi aende nayo majini. Rula aliichora kwa chaki kwenye sakafu ya sebule, kwa ukubwa wake halisi, kuanzia tezi, yaani nyuma, mpaka omo, yaani mbele, na kwa miezi kadhaa wageni walipokelewa kwa kuombwa waruke omo wasiikanyage, na shemeji akifagia kwa kuzunguka.

Ramani ya kwanza ilitaka chuma cha kilo mia moja na ishirini kwenye ule ubao, cha kuizuia boti isipinduke, lakini gari dogo lilishindwa kuivuta boti kutoka majini, likabaki linaunguruma pale kwenye mteremko, ndipo marehemu akakipunguza chuma nusu. Waliijaribu msimu mzima, katika upepo wa kila namna, Rula kwenye usukani na Tani ameketi upande unakotoka upepo, kwa kuwa hakuenea pengine, na boti ilisimama wima. Wakafurahi, wakatengeneza tisa, kila moja na namba yake, wakaziuza.

Tarehe 9 Agosti 1992 kinyozi mmoja na mkewe, wote wembamba, walitoka na boti ya nne, upepo ukailaza ubavu, nayo haikuinuka. Mke aliokolewa. Mume alifariki.

Wakaguzi walisema ni upepo, na Tani naye akasema ni upepo, lakini usingizi ulimpaa Rula, na wiki iliyofuata alimwomba kaka yake abaki ufukoni, akampandisha mkewe mahali pa Tani, wakasukuma boti hatua chache tu kutoka gatini, kwenye maji ya kifuani, na upepo wa kupeperusha kanga ukailaza chini. Alitoka majini akaketi juu ya tela akalia mbele za watu, kisha akamwambia kaka yake kwamba kile chuma alichokitoa kilikuwa yeye, Tani, na kwamba hakuna mteja aliyeuziwa boti pamoja na Tani ndani yake.

Alikwenda mwenyewe kwa mjane wa kinyozi kumweleza ukweli, akafungiwa mlango mara mbili, na mara ya tatu mama yule alimruhusu kuingia, akamwambia hawezi kumsamehe, lakini akitaka kumtazama usoni tena, asiache hata moja ya boti zile ilivyo. Rula alitaka waziite boti zote zirudi karakanani. Kaka yake alikataa, akisema wanajichimbia kaburi la jina lao, na Rula akamjibu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo utawaangukia watu wengine. Hapo undugu ukakatika, karakana ikafungwa, na kwa miaka mingi hawa wawili walipishana misibani kama wapita njia.

Ile ya nne aliikatakata kwa mkono wake. Nyingine alizifuata uani kwa watu, mlango kwa mlango, akizitia chuma kizito, na zote zilipata isipokuwa ya saba, ambayo ilikuwa imeuzwa mkono hadi mkono mpaka habari zake zikapotea. Likizo za watoto zikageuka msako, na binti yake mkubwa hulalamika hadi leo kwamba walifika kila gati na hawakuogelea hata mara moja.

Mwaka 2014 mapafu yake, yaliyojaa vumbi la faiba, yalianza kumwelemea, akalazwa mara kwa mara. Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na Mei 2018 Tani alikuja wodini akitembelea fimbo, nyama zote zimemwisha, na Rula alipomwona alicheka mpaka akakosa pumzi, kisha wote wawili wakalia. Usiku wa mwisho aliuliza kama ya saba imepatikana, na kuna waliotaka aambiwe ndiyo, aende ametulia, lakini mkewe alikataa kumdanganya, akamshika mkono akamwambia bado. Alifariki alfajiri ya tarehe 21 Juni 2018.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliovumilia harufu ya faiba, mafundi wenzake, na mjane wa kinyozi, ambaye ameketi nasi hapa mbele, karibu na shemeji.

Ndugu zetu, boti ile ni nyeupe, ina mstari wa buluu, na namba saba imechongwa chini ya mlingoti. Ukiiona uani kwa mtu au gatini, mzuie asiipande, kisha tuite, Tani ameapa kwenda kuivuta mwenyewe, na chuma cha boti hiyo kipo karakanani, kimekwisha kutobolewa, tayari kufungwa.

Pumzika kwa amani, Rula. Bado, lakini tunaitafuta.