Wifi na Karatasi ya Kiingereza

Sikio halina pazia. Nilikaa nyuma yao kwenye basi, nikasikia yote. Fundi cherehani mmoja, vipande vya uzi bado vimemganda begani, alimpa karatasi mzee aliyeketi naye, baada ya kujua kwamba mzee huyo alikuwa mwalimu wa Kiingereza.

"Nisomee, mwalimu. Kesho nafanyiwa upasuaji. Wifi yangu atakaa na binti yangu mpaka nipone, na anataka nitie sahihi leo. Kasema ni 'foster', yaani kulea kwa muda."

Mwalimu alisoma, akafuta miwani, akasoma tena. "Hapa pameandikwa 'adopt', mama. Huko ni kuasili. Ukitia sahihi, mtoto ni wake moja kwa moja."

"Labda kachanganya. Si yote ni malezi?"

"Hata wanafunzi wangu walikuwa wakichanganya. Wifi yako anafanya kazi gani?"

"Karani wa mahakama."

Mwalimu akaguna. Mimi nikaacha kujifanya nasoma gazeti.

"Ana watoto?"

"Hajajaliwa. Juzi nilimsikia binti yangu akimwita mama. Nikacheka."

"Basi usitie sahihi."

"Nisipotia, nitamwachia nani? Baba yake alishafariki. Sina mwingine."

Mwalimu alimrudishia karatasi. Basi likasimama. Wifi alikuwa kituoni, amemshika mtoto mkono. Fundi aliikunja karatasi, akaificha kifuani, akashuka akitabasamu.

"Wifi yangu," alisema, "ile karatasi nimeisahau nyumbani."