Mabao Themanini na Saba ya Mzee Komora

Tarehe 31 Desemba 1998, saa kumi jioni, Bwana Oliver Komora atazima mashine namba mbili ya kituo chetu cha pampu hapa Garsen, atafuta mikono kwa kile kitambaa chake ambacho hakijawahi kuwa safi, na atakuwa amestaafu. Alianza kazi Agosti 1969, kijana wa miaka ishirini na sita kutoka Kinakomba. Ukihesabu, ni miaka ishirini na tisa na miezi minne. Mimi nimekaa naye kumi na sita kati ya hiyo, nikipiga taipu katika chumba kinachotazamana na mashine zake. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, kama meneja alivyosema, ni mimi peke yangu niliyezizoea kelele zake, za mashine na za mwenyewe.

Aliajiriwa kama mtia mafuta. Mwaka 1976 akawa fundi msaidizi, na 1984 fundi mkuu. Huisikia mashine mgonjwa akiwa bado getini, kabla hajashuka kwenye baiskeli. Mwaka 1991 gasketi ilipasuka mpunga ukiwa unataka maji, na spea ilikuwa Mombasa. Mzee alivua ndara, akakata kipande cha soli, akakichonga kwa kisu, akafunga bolti. Mashine ilinguruma msimu mzima, naye akarudi nyumbani na mguu mmoja peku. Wakulima wa kijiji cha Wema mpaka leo humwuliza ile ndara nyingine iko wapi.

Lakini tuseme ukweli, wachache mjini humu wanamjua kwa pampu. Wanamjua kwa mlango.

Kwa mgeni ambaye hajauona, mlango huo ni wa nyumba ya mashine, mbao tupu, na upande wa ndani Mzee ameandika kwa rangi nyeupe majina ya wafungaji kumi bora wa Pampu FC, timu yetu ya mpira, tangu ilipoundwa mwaka 1970. Kila bao lina mechi yake katika daftari lake, na mlango hufuata daftari. Mpaka katikati ya mwezi huu aliyekuwa juu kabisa ni yeye mwenyewe, Komora, mabao themanini na saba, tangu alipotundika viatu mwaka 1983. Wa pili Dukicha, themanini na tano, na huyu bado anacheza. Wa tatu marehemu Kotile, rafiki yake wa kufa na kuzikana, hamsini na nane. Ukishuka unamkuta Abdirizak wa sita na arobaini na moja yake. Wa kumi ni Kaviha, mwenye ishirini na tatu, ambaye kila akifunga hukimbia kwanza kuutazama mlango ndipo arudi kushangilia. Wengine wote wamestaafu au wamezikwa.

Maji ya El Niño yalipoingia kituoni mwaka jana, sote tulikimbia na magodoro na sufuria. Mzee aling'oa mlango kwenye bawaba, akaupandisha juu ya paa la bati, akaufunga kwa waya. Kitanda chake kilikwenda na mto. Mkewe, Mama Rebecca, hajalisahau jambo hilo, na sidhani kama ana nia ya kulisahau.

Mwezi Julai aliniambia wazi, tukinywa chai. Alisema mashine hizi siku moja zitauzwa chuma chakavu, na watoto wake wako mbali. Kitu pekee anachotaka kukiacha Garsen ni jina lake pale juu. Alisema kama Dukicha atampita, basi ampite yeye akiwa ameshaondoka, asione. Nilimcheka. Yeye hakucheka.

Agosti ndipo mambo yalipoharibika. Timu ilikwenda kucheza kule malishoni, upande wa kina Dukicha, wafugaji wa Kiorma. Dukicha alifunga mawili. Dakika ya sabini na sita ng'ombe wakatokea, mamia kwa mamia, wanakwenda visimani kunywa, na njia yao inapita katikati ya uwanja. Hakuna anayerudisha ng'ombe wenye kiu, hata refa. Mechi ikaishia hapo, watu wakapeana mikono. Mzee akafungua daftari. Ukurasa wake wa kwanza una sheria aliyoiandika mwenyewe, kwamba mechi iliyovunjika haihesabiwi. Akaandika: ng'ombe, imevunjika. Mabao mawili yakaenda na vumbi.

Dukicha si mtu wa maneno. Abdirizak, mfugaji mwenzake, alisema kwa niaba ya wote. Alisema mlango ule ni wa watu wa mtoni, na mfugaji hata afunge mia hataruhusiwa kupita. Wachezaji saba wa Kiorma wakaacha kula pamoja na wenzao baada ya mazoezi. Kufika Novemba ikajulikana kwamba mechi ya mwisho kabla ya Ramadhani itakuwa ya mwisho kabisa, na baada ya Idi wataunda timu yao. Katika mji wetu, jamani, watu wakiacha kula pamoja si jambo la mpira tena. Uwanja ule nyuma ya pampu ndipo mahali pekee ambapo mkulima na mfugaji walikuwa wakisukumana na kuinuana. Mzee aliyajua hayo yote. Akakaza shingo. Sheria ni sheria, alisema, na ameifuata miaka yote bila kupendelea.

Hapo nikaingia mimi, nisiyejua hata kuotea ni nini. Meneja alitaka orodha ya mabao yote ya Mzee ichapwe katika programu hii ya sherehe. Nikapewa madaftari sita yenye harufu ya dizeli. Jumatano tarehe 16 nilifika miaka ya sabini, na nikaanza kuona neno moja likijirudia. Kau, dakika ya sabini na mbili, maji. Kau, dakika ya sitini na tisa, maji. Kwa asiyejua, Kau iko karibu na mdomo wa mto, na timu ilikuwa ikienda kwa mitumbwi. Maji ya bahari yakipanda husukuma mtumbwi kurudi juu. Yakishageuka, utapiga kafi mpaka mabega yakulilie, na giza likukute katikati ya viboko. Kwa hiyo wapiga kafi wakiita, mpira unakwisha, dakika iwe yoyote. Kati ya 1971 na 1982 walicheza huko mara kumi na moja, na hakuna mechi hata moja iliyofika tisini. Zote zimehesabiwa. Tisa kati ya mabao ya Mzee ni ya Kau. Ya Kotile nane.

Mzee hakuwa mwizi, nataka lieleweke. Mtu wa mtoni hawezi kuona kwamba maji yanavunja mechi, kama vile mfugaji asivyoweza kuona kwamba ng'ombe wanaivunja. Kwa Mzee, maji kugeuka ndiyo kipenga chenyewe. Lakini karatasi ilikuwa mbele yangu, na ningeweza kuichapa bila yale maneno ya pembeni, asijue mtu. Nilifikiria kufanya hivyo, nakiri. Kisha nikavuka ua, nikamwekea madaftari juu ya mashine namba mbili, nikamwonyesha kwa kidole.

Alisoma muda mrefu. Alhamisi hakunisalimu, na Ijumaa alikunywa chai yake akiwa amenipa mgongo. Nilijua hesabu anayopiga. Akifuta mechi za Kau anabaki na sabini na nane, na Kotile, ambaye hawezi kujitetea, ananyang'anywa nane akiwa kaburini. Akirudisha yale mawili ya ng'ombe, Dukicha yuko naye bega kwa bega kabla mpira haujapigwa. Au akae kimya, siku kumi na tatu tu, aondoke na jina lake juu. Tulioyajua hayo tulikuwa yeye na mimi tu.

Mechi hiyo ya mwisho ilikuwa Jumamosi tarehe 19, na ilikuwa Kau, kwa ombi lake mwenyewe, kuaga. Timu hii ya sasa haikuwa imewahi kufika huko. Tulikwenda kwa trela la trekta mpaka ukingoni, kisha mitumbwi mitatu. Wachezaji wa Kiorma walipanda mmoja peke yao. Mimi nilikaa na sufuria za wali katika ule wa Mzee.

Mchezo ulikuwa mkali na wa hasira. Dakika ya sabini na moja Kaviha alipiga krosi, na Dukicha akaitia wavuni kwa kichwa. Themanini na sita. Hakushangilia, na wenzake hawakumkumbatia. Mpira ulikuwa haujarudishwa katikati wapiga kafi walipoanza kuita kutoka ukingoni kwamba maji yanakaribia kugeuka, twende. Refa wa Kau, kwa mazoea yake, akapuliza kipenga na kuuchukua mpira kwapani.

Vijana wetu walibaki wamesimama, hawaelewi. Abdirizak ndiye aliyevuka uwanja, jasho linamtiririka, akasimama mbele ya Mzee na daftari lake. Aliuliza polepole, kwa heshima inayouma kuliko tusi.

"Mzee Komora, hii imekwisha au imevunjika?"

Nilimtazama usoni, na nilimwonea huruma mpaka nikatamani ningekuwa nimeichapa ile karatasi nikanyamaza. Wapiga kafi waliita tena. Timu nzima ilikuwa imeshakusanyika, kina Kaviha upande huu, kina Dukicha upande ule. Mzee alifungua daftari, si ukurasa wa siku hiyo, bali ule wa Agosti. Akafuta mstari mmoja, akaandika mwingine, ndipo akainua kichwa.

"Imekwisha. Na ya Agosti ilikwisha. Wale ng'ombe nao walikuwa wanafuata maji. Nilikosea mimi, na nimekosea muda mrefu. Dukicha, una themanini na nane."

Kisha akawasomea mechi zote kumi na moja za Kau, tarehe na dakika, na mabao yake tisa, akasema atakayetaka kuyafuta ayafute, ila ya Kotile wayaache. Abdirizak akaja akachukua sufuria kubwa ya wali kutoka mikononi mwangu, akaipeleka kwenye mtumbwi wa Mzee, akakaa humo humo. Wengine wakafuata wakijichanganya bila kupangwa, mpaka mtumbwi mmoja ukawa mzito na ikabidi watu wahamishwe. Maji yalitupandisha. Hakuna aliyeomba bao lolote lifutwe.

Jumatatu asubuhi Mzee alipaka rangi. Dukicha alikuwa amefunga saumu, midomo mikavu, akamshikia kopo. Mzee alilifuta jina lake mwenyewe pale juu kwa kitambaa chenye petroli, akaandika la Dukicha, na chini yake la kwake. Niliona macho yake yamejaa. Akaniambia ni moshi wa petroli, nami nikakubali kwamba petroli ya siku hizi ni kali.

Timu ile nyingine haitaundwa tena. Sherehe yetu ya leo itaanza saa kumi mashine ikizimwa, lakini chakula kitapakuliwa baada ya adhana ya magharibi, ili tule sote kwa pamoja. Hilo walilipanga wachezaji wenyewe, wote, si meneja.

Jambo moja limebaki. Juzi Mzee aliweka madaftari sita mezani kwangu, karibu na taipu, na brashi juu yake. Nilimwambia mimi mpira siujui, ampe mchezaji. Akajibu kwamba kila mchezaji ana jina mlangoni au analitafuta, mimi sina. Basi kuanzia mechi ya kwanza baada ya Idi, nitakuwa naandika mimi.

Mzee Komora, kwa niaba ya wote wa kituo, asante kwa maji, asante kwa ile ndara, asante kwa siku ile ya Kau. Mama Rebecca tumemnunulia kitanda kipya, nacho, tafadhali, kikae cha kwanza juu ya paa mto ukipanda tena. Nenda Kinakomba ukapumzike kwenye migomba yako, Mungu akupe afya na miaka mingi. Dukicha amebakiwa na misimu kadhaa, na atazidi kwenda mbali. Lakini themanini na saba yako nimeyahesabu moja moja kwa mkono wangu, na ya Kau yamo.

Gladys Nzai, karani