Mzee Kidogo Kwanza: Kinyozi Aliyejipaka Mkono Wake Kabla ya Kukupaka Kichwa

Leo tunamzika kinyozi. Wengi wenu mlimwita Mzee Kidogo Kwanza na hamkuwahi kumjua kwa jina jingine, basi na hapa tutamwita hivyo hivyo.

Kabla ya yote, kuna maneno yanapita chini kwa chini tangu msiba uanze. Eti mzee aliyetibu mtaa mzima amekufa kwa kukosa majani. Eti binti yake mkubwa, aliyemuuguza, alizimwaga dawa. Kweli alizimwaga. Tutafika huko, na tutasema kwa sauti, maana anayesemwa yuko hapa na amechoka. Lakini wasifu huanza na kuzaliwa, kwa hiyo tulieni.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyokuwa karibu na reli, mtoto wa tano wa fundi seremala na mkewe. Uani palikuwa na mti mmoja tu, mpera. Mama yake hakuwa mganga, watu wasije wakamzulia. Alikuwa na mpera mmoja na wapangaji wengi wenye matumbo. Mtu akiharisha, mama alimchemshia majani ya mpera, akamnywesha maji mengi, na kesho yake asipopata nafuu alimfukuza aende zahanati. Huo ndio ukoo wa utabibu wetu. Hakuna mizimu, hakuna ndoto, hakuna babu aliyetoka pangoni na kibuyu.

Alianza shule mwaka 1956 na kumaliza mwaka 1963. Hesabu alizijua, mwandiko ulikuwa wa kuku. Kinachokumbukwa zaidi ni siku mwalimu wa darasa alipoingia ameshika shavu kwa maumivu ya jino, naye akamnyooshea karafuu kutoka mfukoni. Mwalimu akaitafuna, jino likatulia. Kisha akamchapa mwanafunzi wake kwa kuja darasani na vya kutafuna. Wiki ile ile jino liliamka upya, likang'olewa hospitali. Mzee alipenda kuisimulia hadithi hii, na kila mara alimalizia hivi: "Karafuu ililinyamazisha jino tu. Na mimi sikunyamaza, nililia."

Mwaka 1966 aliingia kujifunza kazi kwa kinyozi mmoja mkali aliyekuwa na mkasi wa kutisha. Mwaka 1971 alifungua chumba chake: mlango mmoja, kioo kilichopasuka kona ya juu, redio, na kile kiti cha chuma cha kuzunguka ambacho nusu ya watu waliopo hapa walilia wakiwa wamekikalia. Kinyozi anakuona pale ambapo hata mwenzio wa nyumbani hakuoni, nyuma ya masikio na kisogoni. Alianza kuona mapunye, vipele, majipu, ukurutu, na hakuweza kunyoa akanyamaza. Ndipo ikazaliwa ile rafu ya chupa za dawa juu ya redio.

Sasa, mwaka 1973 alifanya kosa, na wasifu usiotaja kosa ni tangazo la biashara. Aliletewa kijana mwenye mapunye. Alikuwa amesikia kwamba kitunguu saumu kinayaua. Kweli, kinaweza kusaidia. Ila yeye alitwanga kichwa kizima cha kitunguu, akambandika kijana utosini, akamfunga kitambaa, akamwambia akifungue jioni. Kesho yake asubuhi ngozi ilikuwa imebabuka. Aliyemrudisha yule kijana alikuwa dada yake mkubwa, fundi cherehani, amemshika mkono na sindano bado zimechomekwa kifuani.

"Wewe ndiye uliyempika mdogo wangu?"

"Dada, nilikuwa namtibu."

"Unamtibu? Mtoto ananuka mchuzi mpaka kwenye mto! Wewe mwenyewe umewahi kujipaka hiki kitu?"

Hakuwahi.

"Haya, jipake. Hapa hapa, naona."

Akajipaka kwenye mkono wa kushoto. Dada akavuta kiti cha wateja, akakaa, akakunja mikono. Wateja wakasogea kutazama, maana sinema gani tena unataka. Baada ya muda kinyozi akaanza kukanyaga huku na huku.

"Inawasha?"

"Kidogo."

"Kidogo? Basi kaa nayo." Alipoona machozi ndipo akammwagia maji. "Siku nyingine anza na kidogo kwanza. Na uanze na wewe."

Jina likaanzia hapo. Alimpeleka kijana zahanati kusafishwa kidonda mpaka kikapona, na kila akimrudisha nyumbani alimkuta dada yuko kwenye cherehani. Tarehe 9 Agosti 1975 walifunga ndoa. Yule kijana, shemeji yake, yuko nasi leo akiwa mzee wa heshima. Nywele zimeota kila mahali isipokuwa pale. Msigeuke wote kwa pamoja.

Mungu aliwajalia watoto wanne. Mkewe alitangulia mwaka 2011, na mpaka siku anaondoka alikuwa akimuuliza mumewe kila jioni, "Leo umempika nani?"

Tangu siku ile ya kitunguu, hakupaka mtu kitu ambacho hakijalala kwanza kwenye mkono wake mwenyewe. Mkono ule wa kushoto ulikuwa na mabaka kama ukuta uliobanduka rangi. Shubiri kwa aliyeungua na pasi. Tangawizi na asali kwa kikohozi. Maji ya chumvi ya kusukutua koo. Majani ya mkaratusi ya kujifukiza ukiwa na mafua. Zaidi ya hapo alikuwa mgumu kama kiti chake. Ukija na homa, alikuinua kwenye kiti hata kama kichwa kimenyolewa upande mmoja: "Homa si yangu. Nenda wakakupime damu, urudi nimalizie." Na kuna watu kweli walipita sokoni na nusu kichwa.

Jirani mmoja alimwendea. "Mzee, nipe dawa ya sukari."

"Dawa ya sukari iko hospitali. Kwangu kuna wembe."

"Lakini yule muuza dawa wa kwenye spika anatibu magonjwa arobaini kwa chupa moja."

"Basi mwambie akunyoe na ndevu."

Hakuwa malaika. Redio aliifungulia mpaka ukuta unatetemeka. Akishindwa bao alisema alikuwa anawaza mambo mengine. Na kwenye tangawizi hakuwa na kiasi: mwenye kikohozi alipewa tangawizi, aliyeachwa na mchumba naye alipewa tangawizi. Lakini aliishi akiridhika, na hilo si jambo dogo. Hakutaka kuwa zaidi ya kinyozi. Mwaka 2015 alimkabidhi chumba binti yake mkubwa, ambaye ana mkono mwepesi kuliko wake, na yeye akabaki kwenye benchi la wateja kukosoa.

Mwezi wa Oktoba 2023 suruali zilianza kumpwaya. Desemba, binti alipokuwa akimnyoa, aliona kwenye kioo macho ya baba yake yamekuwa ya njano. Akaweka mashine chini, wakaenda hospitali. Jibu lilikuwa uvimbe kwenye kongosho, na ulikuwa umeshasambaa. Daktari hakuzunguka: wangepunguza maumivu, kuuondoa hawakuweza. Mzee alimshukuru. Njiani alisema daktari yule anahitaji kupunguza nywele za pembeni.

Aliyeshindwa kukubali ni binti. Mnajua wenyewe mlivyokuja. Huyu na chupa, yule na kidumu, mwingine na magome yamefungwa kwenye gazeti, kila mmoja akiapa kwamba shemeji ya rafiki yake alipona. Mlikuja kwa mapenzi, hakuna anayekataa. Binti alichemsha vyote. Mzee alikunywa ili kumridhisha, akatapika, macho yakazidi kuwa ya njano. Hospitali wakasema ini limeelemewa, acheni kila kitu cha kuchemsha. Binti akawa kati: akiendelea anamuumiza, akiacha watu watasema. Mchana mmoja wa Aprili aliingia chumbani na kikombe.

"Baba, kunywa basi."

"Hii inafanya nini?"

"Jirani anasema inayeyusha uvimbe."

"Jirani aliuona lini uvimbe? Wewe unaamini?"

"Siamini, Baba. Naogopa kuacha tu."

"Unaogopa nitakufa?"

"Naogopa watasema nimekuua."

"Eeh. Hapo sasa umesema." Akaomba asogezwe dirishani. "Kamwage. Zote. Wakikuuliza, waambie mimi nimekataa. Wakibisha, waambie waje waniulize."

Binti alicheka na kulia kwa wakati mmoja, akabeba sufuria moja baada ya nyingine mpaka kwenye mfereji wa uani. Majirani waliona mkono unaomwaga. Hawakumwona mgonjwa dirishani akielekeza: "Na ile ya kijani! Hiyo hasa, mwaga mbali na mchicha!"

Hiyo ndiyo siri yote. Kama mlikuwa na nyingine, iacheni hapa hapa.

Baada ya siku ile alikunywa dawa za maumivu za hospitali, akalala vizuri, akala kidogo alichokitaka. Aliomba chai ya mchaichai yenye sukari. Binti akauliza, kwa woga, ni ya kutibu nini. Akamwambia, "Ya kunywa." Wakawa wanakunywa wawili kila jioni, yeye akilalamika kwamba wateja wanaotoka mikononi mwa binti siku hizi hawajachongwa vizuri kisogoni.

Alifariki Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi, nyumbani, akiwa ameegemea mto na taulo shingoni. Binti yake alikuwa anamnyoa ndevu na alikuwa amemaliza shavu moja. Alipoona pumzi imekatika, alikaa kidogo. Kisha akapaka sabuni shavu la pili, akalimaliza, akampangusa, ndipo akatoka kutuita.

Ameacha dada mmoja, shemeji mmoja, watoto wanne, wajukuu tisa na kitukuu mmoja, pamoja na vichwa vyenu visivyo na idadi. Binti yake mkubwa ni yule aliyekaa mstari wa mbele, mwenye kitambaa cheupe. Tukishamfukia mzee, kabla hamjatawanyika, piteni mmoja mmoja mkampe mkono. Msimshauri kitu. Mkono tu.

Apumzike kwa amani kinyozi wetu, na huko aliko asitokee mtu wa kumletea chupa.