Radhi Aliyotuachia Mama Guseni

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wenzake wa chuo mliofunga ofisi kuja kumsindikiza, poleni kwa msiba na asanteni kwa kutushika mkono. Ninayesoma ni mdogo wake marehemu, niliyemfuata kwa kuzaliwa. Kazi yangu ni kuuza vipuri vya magari, si mtu wa kalamu, lakini marehemu mwenyewe aliagiza nisome mimi. Mtanivumilia.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Julai 1958, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Baba alikuwa seremala na mama alikuwa mshonaji. Alipokuwa na miaka minane alipanda juu ya paa la karakana, mkono mmoja kashika sufuria kubwa ya mama na mkono wa pili kikombe cha bati, akaviachia. Baba alitoka mbio kuuliza ana wazimu gani. Akajibu, "Vimefika pamoja, baba." Baba akamwambia ashuke, maana na fimbo nayo ilikuwa njiani. Lakini jioni yake tulimchungulia baba yuleyule amesimama juu ya benchi, ameshika nyundo na msumari, anaviachia akidhani hakuna anayemwona.

Alisoma shule ya msingi ya jirani kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya bweni ya wasichana hadi 1977. Huko fizikia ilisomwa ubaoni. Vifaa vilikuwapo, tena vizuri, ila vilikaa ndani ya kabati la kioo na ufunguo alikuwa nao mkuu wa shule, aliyeogopa wasichana wangevivunja. Dada alimaliza akiwa wa kwanza katika somo hilo bila kugusa hata sumaku. Jambo hilo halikumtoka. Ukitaka kumharibia siku ulikuwa unamtajia tu lile kabati. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1981, akafundisha sekondari miaka mitano, akarudi kwa shahada ya pili, na mwaka 1989 chuo kikamwajiri katika idara ya fizikia, ambako alikaa hadi alipostaafu mwaka 2018.

Wengi wenu mlimjua kwa kazi aliyoianza mwaka 1994. Kila Jumamosi ya tatu ya mwezi alifungua maabara ya chini, ile yenye meza ndefu zilizoungua kwa asidi na madirisha yasiyofunguka, akawaingiza watoto wa sekondari za mjini na za nje ya mji. Hakuwahutubia. Aliwapa betri, waya na balbu akawaambia wawashe. Aliwakalisha kwenye kiti kinachozunguka, akawapa gurudumu la baiskeli lililo kasi, wakaligeuza wakajikuta wanageuka wao. Aliwasimamisha kwenye kigoda cha plastiki, mkono juu ya mpira wa chuma wenye umeme, hadi nywele zikasimama. Mtoto aliyesita aliambiwa, "Guseni, haviumi." Ndipo alipopata jina la Mama Guseni, na hata wakuu wa chuo walimwita hivyo wakijisahau. Baadhi ya wenzake waliiita kazi ile chekechea. Wenzake wakapanda vyeo, yeye akapanda basi na maboksi yake ya sumaku kwenda shule nyingine.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 na shemeji yetu, ambaye ni daktari wa meno. Walikutana kwenye kiti cha kung'olea. Shemeji anasema katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kumpata mgonjwa mwingine aliyeuliza maswali akiwa na pamba mdomoni, na maswali yenyewe yalihusu mashine, wala si jino. Siku ya kwanza ya uchumba, dada akiwa bado mwanafunzi wa shahada ya pili, alipelekwa maabara ya chuo akakalishwa kwenye kilekile kiti kinachozunguka. Alitapika. Akarudi tena wiki iliyofuata, na mama akasema huyo ndiye mume. Mungu aliwajalia watoto wawili.

Sasa nimefika mahali ambapo kaka yetu mkubwa alitaka niruke. Juzi kwenye kikao cha familia aliniambia, "Marehemu hasemwi vibaya, wewe. Soma alizaliwa, alisoma, alifanya kazi, basi." Nikamjibu kwamba simsemi, natumwa naye. Karatasi mlizoshika zilichapwa na haya yote. Kaka aliziona jana zikiwa zimeshafungwa kwenye mafurushi, akatikisa kichwa. Kaka, nisamehe.

Jumamosi ya tarehe 18 Septemba 1999 watoto walikuwa wanapima dunia inavuta vitu kwa kasi gani. Unafunga jiwe kwenye uzi, unaliacha libembee, unahesabu linavyokwenda na kurudi huku umeshika saa ya kubonyeza. Kisha unapiga hesabu, na jibu linakuja karibu na tisa nukta nane. Kila kundi liliandika jibu lake ubaoni, maana siku hiyo walikuja wageni wa wizara, na mkuu wa idara alikuwa amesimama pembeni na tai yake mpya. Makundi yote yalipata tisa nukta saba, nukta nane, nukta tisa. Kundi moja likapata kumi nukta sita.

Aliyekuwa ameshika saa katika kundi hilo alikuwa msichana wa kidato cha pili. Dada alimwambia arudie. Akarudia, kumi nukta sita. Akarudia tena, ileile. Msichana akasema, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, nadhani saa yetu inachelewa." Nje dereva wa basi alikuwa anapiga honi, na wageni walikuwa wanatazama saa zao. Dada akachukua chaki akampa mkononi, akasema, "Saa haina kosa. Futa, uandike tisa nukta nane kama wenzako."

Darasa likacheka. Wageni wakacheka, na wa idara pia. Msichana akafuta, akaandika alivyoambiwa, akarudi kukaa. Hakurudi tena Jumamosi nyingine yoyote.

Mwezi Novemba, dada akifunga vifaa vya mwaka, aliziweka saa zote mezani akazibonyeza kwa pamoja. Moja ilibaki nyuma. Kuzilinganisha ilikuwa kazi ya kufanywa kila asubuhi kabla watoto hawajaingia, na yeye aliifanya mara moja kwa mwaka, kwa sababu ya haraka na mazoea. Alijua palepale ni saa ya nani. Akasema moyoni atakwenda shuleni kwao muhula ukifunguliwa. Muhula ukafunguliwa. Akasema baada ya mitihani. Kesho ikawa keshokutwa, na alipojikaza akaenda, msichana alikuwa ameshamaliza na familia yake imehama.

Kuanzia hapo kila Jumamosi ilianza kwa watoto wenyewe kulinganisha saa, huku akiwaambia, "Msiiamini saa, na mimi msiniamini." Sisi nyumbani, na ninyi huko idarani, tulisifu kwamba ni mbinu nzuri ya kufundisha. Ilikuwa ni dhamira inamsuta. Hatukumuuliza, naye hakusema.

Mwaka 2019, akiwa ameshastaafu, alituchekesha wote. Alijiandikisha shule ya udereva. Shemeji alimuuliza kama ana mpango wa kumtoroka. Mimi nimeuza klachi maisha yangu yote, na nilipoona anavyoikanyaga nilijua nimepata mteja wa kudumu. Akashinda mtihani, akaleta leseni, akaiweka kwenye droo, na hakuwahi kushika usukani tena. Tulimtania sana. Leo utani ule unaniuma.

Machi 2021 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Mara mbili kwa wiki nilimpeleka hospitali kusafishwa damu. Hata huko hakutulia, aliwafanya wauguzi wamweleze mashine bomba kwa bomba, kisha yeye akawaeleza wagonjwa wenzake. Asubuhi moja ya Aprili mwaka huu, mashine ikiwa inazunguka, alinisimulia habari ya msichana wa saa. Akaniambia alimpata. Karani wa zamani wa shule yao alimwelekeza: msichana yule sasa anafundisha udereva.

Nikamwambia, "Dada, yaani ulijifunza gari ili umwombe radhi?"

"Nilikwenda kumwomba radhi," akasema. "Nikafika mlangoni, akaniuliza, nikusaidie nini mama? Nikaogopa. Nikasema nataka kujifunza kuendesha."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Yeye hakucheka. Akaendelea, "Wiki sita nimekaa naye kwenye gari. Kila siku natoka nyumbani nimepanga maneno. Nikikaa tu, nauliza habari za gia."

"Basi tumpigie simu sasa hivi, nishike mimi."

"Hapana. Sikumwaibisha kwa simu, nilimwaibisha mbele za watu. Nitakwenda mwenyewe na wenzangu wa idara wakiwapo. Nikishindwa, utasoma wewe, siku ambayo watakuwa wamekuja wote." Akanitazama. "Na usiniandikie malaika. Sitaki wazike mtu mwingine."

Tulipanga iwe Jumapili tarehe 4 Juni 2023, nyumbani kwake, na walimu watatu wa idara walishakubali kuja bila kuambiwa sababu. Jumatano hali ikabadilika. Dada yetu alifariki Ijumaa tarehe 2 Juni, saa za mchana, shemeji akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, walioyavumilia maswali yake hadi mwisho.

Jumatatu nilikwenda shule ya udereva. Nilimkuta mama mmoja wa makamo anafuta vioo vya gari. Akaniamkia, nikaitikia, nikamwambia nimeleta habari za mwanafunzi wake wa zamani, mama mmoja mwenye miwani mikubwa. Akatabasamu. "Mama wa klachi? Hajambo?" Nikamweleza. Akaweka kitambaa chini. Kisha akasema, "Nilimtambua siku ya kwanza. Sauti ile siwezi kuisahau."

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini, mzee wangu? Mwenye la kusema alikuwa yeye. Nilimngoja. Somo likiisha anashika kitasa cha mlango, hashuki, nasema moyoni leo atasema. Halafu anauliza habari za gia." Akapangusa macho. "Aliposhinda mtihani wenzangu walinipongeza. Mimi nilisikitika, nikajua hatarudi."

Nikamuuliza kama siku ile ilimharibia maisha. Akafikiri kwanza. Akasema hapana, kazi yake anaipenda na watoto wake wanakula. Ila fizikia aliiacha mwaka uliofuata, na alikuwa anaipenda kuliko somo lolote. "Niliona kitu kwa macho yangu, nikaambiwa sikukiona. Nikasema basi, hii si kazi ya watu kama mimi."

Nilimwomba aje leo. Akasema, "Nitakuja. Lakini usiniite mbele." Nikamwahidi.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja ambaye ni mkunga, mtoto wa kiume aliye baharia na aliyefika jana, wajukuu watatu, kaka yetu mkubwa, na mimi. Ameacha pia watoto wa watu wasiohesabika waliogusa sumaku kwa mara ya kwanza mbele yake. Wengine nawaona hapa wamekuwa wahandisi na walimu, na hayo nayo ni kweli. Alisema mema yale yasitumike kufunika hili.

Mwalimu wa udereva, mahali popote ulipokaa, sikuiti mbele. Walimu wa idara, mko hapa, na baadhi yenu mlikuwapo siku ile mkacheka. Haya ndiyo maneno yake, alinifundisha hadi nikayashika: "Saa ilikuwa mbovu. Wewe uliona sawa na ulipima sawa. Mimi ndiye niliyekosea, nikakufundisha kusema uongo mbele ya watu, na nilipojua kosa langu niliogopa kuja. Nakuomba radhi."

Hudaiwi jibu, leo wala siku nyingine. Desturi inataka nimalizie kwa kumwombea marehemu apumzike kwa amani. Familia imekubaliana tusikutangulie kulisema neno hilo. Tumekuachia wewe.