Fundi Aliyemrudishia Mama Kalamu

Ndugu waombolezaji, mimi ni binti yake wa kwanza, familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, na naomba mnivumilie pale sauti itakapogoma, na pale nitakapomtania pia, kwani hata yeye asingependa tumsome kama malaika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi saa, akasoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, akahitimu ufundi umeme mwaka 1976, kisha akaajiriwa katika kiwanda cha uchapishaji hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2017, akijulikana kwa jina la Bwana Skrubu, kwa sababu ya skrubu zilizojaa mifukoni mwake.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na mama yetu, mchoraji wa vitabu vya watoto, wakajaliwa watoto watatu. Mwaka 2015 vidole vya mama vilikakamaa kwa ugonjwa wa viungo, akafungia rangi zake kabatini, na nyumba nzima ikapoa. Baba hakuuweza ukimya ule. Mashine za kuchora za madukani hazikushikika kwa bei, basi akachukua mota za printa mbovu na reli za droo za jikoni, ndiyo maana droo zetu hazifungi mpaka leo, akaunda mashine inayoshika kalamu, mama akiiongoza kwa kusukuma kishikio kwa kiganja.

Tarehe 3 Februari 2018 mama aliandika jina la mjukuu, likatoka kinyumenyume kama kwenye kioo, maana fundi wetu mzoefu alikuwa ameunganisha nyaya za mota moja kinyume, na mama akacheka mpaka machozi. Tatizo ni kwamba baba, kwa haraka zake, alikwishaweka maelekezo yote mtandaoni, bure, yeyote ajitengenezee na kuboresha. Alitaka kuyaondoa kwa aibu, lakini mchonga mihuri mmoja wa mbali akamsihi asiguse kitu, kwani yeye huchonga kinyumenyume ili muhuri ukigongwa usomeke sawa, hivyo baba akaweka njia zote mbili. Tulipomshauri ayaondoe mtandaoni, mashine ibaki siri yake, alitujibu kwamba mikono iliyokakamaa haiko nyumbani kwetu tu, na leo mashine hiyo inachora katika madarasa na vyumba ambavyo hakuwahi kuvikanyaga.

Alianza kuugua figo Septemba 2023, akafariki tarehe 19 Mei 2024 alfajiri, akiwa na mama pembeni yake. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kukesha nasi, na wenzake wa kiwandani waliolibeba jeneza. Picha yake mnayoiona hapa mbele haikupigwa kwa kamera, mama aliichora juzi, kwa mashine ile. Baba, mama anachora, nenda ukapumzike kwa amani.